Mfuko wa Kushoto

Jumatatu, 1 Desemba

Nesi wa kliniki ameniambia niandike. Kila siku, hata mstari mmoja. Nikamuuliza niandike nini, akasema chochote unachosikia moyoni. Nikamwambia moyoni sisikii kitu. Akasema basi andika hivyo hivyo. Haya, nimeandika.

Leo nimeanza kazi. Ni lile duka kubwa lenye kila kitu: sufuria, mashuka, viatu, simu, midoli. Msimu wa punguzo la bei za sikukuu umeanza na walikuwa wanatafuta mtu wa kusoma matangazo. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye mlinzi wa mlango mkubwa, akanipeleka kwa Meneja. Meneja akanipa karatasi nisome. Nilipomaliza aliridhika, akasema sauti yangu haina haraka, inamtuliza mtu. Sikumwambia kwamba ndivyo anavyosikika mtu ambaye hana tena cha kupoteza.

Chumba changu kiko juu ya ngazi, kina kioo upande mzima na kinanuka rangi. Nikikaa naliona duka lote chini, vichwa tu. Nina kipaza sauti, kiti kinacholalia upande mmoja, na karatasi ya Meneja: "Wateja wapendwa, duka limejaa. Hakikisheni pochi, simu na vitu vyenu vya thamani viko salama. Chungeni mali zenu." Natakiwa niisome kila baada ya kitambo. Kufika jioni nilikuwa naisoma bila kuitazama.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua kutwa. Nimesoma tangazo. Nimerudi nyumbani.

Alhamisi, 4 Desemba

Mama mmoja ameibiwa pochi mlangoni. Nilimwona kutoka juu akigeuka huku na huku, akijipapasa, kisha akakaa chini pale pale sakafuni na mtoto mgongoni. Shemeji alitoka mbio hadi barabarani, akarudi mikono mitupu, kalowa chapa. Nikasema moyoni, masikini. Lakini nililisema kama mtu anayesoma neno kwenye kibao. Kisha muda wa tangazo ukafika, nikasoma.

Nyumbani mama mkwe kaniuliza habari ya saa. Tunaishi watatu kwake: yeye, shemeji na mimi. Saa ya marehemu ilisimama tangu siku zile za hospitali, na mama mkwe anataka niipeleke kwa fundi saa aliye nje ya duka letu, ikipona aivae shemeji. Nilikubali zamani. Naitembeza kwenye mfuko wa kushoto wa koti la kazi. Leo nimepita mbele ya fundi asubuhi, nikapita tena jioni. Uvivu tu.

Nikamwambia mama mkwe kwamba saa ya marehemu nitaipeleka kesho. Akaguna. Akasema, "Na wewe nawe na hilo marehemu lako. Utadhani unasoma gazeti. Alikuwa mumeo yule."

Nikamwambia si ndivyo watu wote wanavyosema. Akaacha.

Alikuwa mtu wa kuchelewa, huyo marehemu. Siku ya harusi yetu tulimsubiri mpaka mpiga picha akaanza kufunga vyombo vyake aondoke.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Saa sijaipeleka.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo watu walikuwa kama siafu. Mvua ikizidi, waliokuwa nje wanaingia na waliomaliza kununua hawataki kutoka, basi pale mlangoni wanabanana, mtu hawezi hata kukuna pua. Wameibiwa watu kadhaa. Binti mmoja mkoba wake umechanwa wembe kwa chini, safi, kama fundi cherehani kaupimia. Wote mlangoni, wote upande wa shemeji.

Meneja alipanda ngazi anahema, akaniambia niongeze matangazo, niyasome mara mbili ya nilivyokuwa nasoma. "Watu hawasikii," akasema. Nikaongeza.

Jumapili, 7 Desemba

Nililala. Niliamka. Mama mkwe alipika, nikala.

Jumanne, 9 Desemba

Leo nimecheka. Naandika kwa sababu nesi atataka kujua.

Nilikuwa nasoma tangazo huku natazama chini, na nilipofika pale pa "pochi, simu na vitu vyenu vya thamani," mikono yote ikasogea. Mwanamume mmoja mwenye kitambi akajipiga makofi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Binti akabana mkoba kwapani. Bibi mmoja akajigusa kifuani, ndani kabisa, bila aibu. Mwingine akainama kama anajikuna mguu, kumbe kaweka kwenye soksi. Nikangoja zamu ya pili, ikawa vile vile. Nasema, wanashika. Kama watoto wa chekechea wanaoambiwa washike masikio. Nikacheka peke yangu mle chumbani, sauti ikatoka ya ajabu, kama ya mtu mwingine.

Mmoja tu hakujigusa. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, mwamvuli umening'inia mkononi. Alikuwa anamsaidia bibi yule kubeba beseni. Nikasema angalau kuna mtu mstaarabu humu.

Alhamisi, 11 Desemba

Mstaarabu anakuja karibu kila siku. Leo tulikutana kwenye ngazi nikienda kunywa chai, akanipisha, akaniamkia vizuri, akaniuliza kama ni mimi ninayetangaza. Nikasema ndimi. Akasema, "Sauti yako inasaidia sana, dada." Hakuna mtu mwingine humu aliyewahi kuniambia hivyo. Jioni shemeji alinisifia pia, lakini shemeji ni shemeji.

Kitu kimoja kimenichekesha. Mstaarabu anaingia mabega yamelowa na mwamvuli anao. Haufungui. Labda umevunjika na anaona haya kuuacha.

Ijumaa, 12 Desemba

Chiriku, keshia wa kaunta ya mwisho, amenivuta pembeni. Tunamwita hivyo kwa sababu hajui kunyamaza, lakini leo alinong'ona. Anasema maneno yanazunguka kwamba wezi wana mtu wao ndani. Nikamuuliza nani. Akaangalia mlangoni, akaangalia viatu vyake. Anasema wizi wote unatokea kwa mlinzi mmoja, na kwa mlinzi wa mlango mdogo hajaibiwa mtu hata mmoja, na watu si wajinga.

Mlango mdogo haupiti watu, unapita hewa. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona uvivu.

Usiku wakati wa kula shemeji alisukuma sahani. Mama mkwe akamuuliza kama anaumwa. Akasema kashiba harufu. Ndiyo mizaha yake, lakini hakucheka. Ana nia ya kuoa mwakani, na wakwe zake watarajiwa wanakaa mtaa wa tatu tu kutoka dukani.

Jumamosi, 13 Desemba

Sauti imekauka. Nimeamka nikifungua mdomo inatoka pumzi tu. Meneja kaniambia nikae kimya juu kule, ninywe maji ya moto, nisije nikaharibu kabisa. Duka lilijaa kupita juzi. Hakuna aliyeibiwa.

Jumapili, 14 Desemba

Msimu ukifika hapa Jumapili haipo, tumefanya kazi. Sauti bado. Hakuna aliyeibiwa. Meneja kampiga shemeji bega, kamwambia umeona ukiamka vizuri. Shemeji kanieleza hayo njiani akitikisa kichwa, maana hajui kalala lini.

Jumatatu, 15 Desemba

Sauti imerudi. Tangazo la kwanza halijapoa, mwanamume mmoja akapiga ukelele mlangoni kwamba hana simu.

Niliweka kikombe chini. Nikangoja. Nikasoma tena, lakini safari hii sikuitazama mikono. Nilimtazama yule asiyejigusa.

Alisimama penye rafu ya kwanza, karibu na mlango, kashika sufuria anaigeuza kama anakagua kitako. Niliposema "pochi" akaacha kutazama sufuria. Macho yake yakapita juu ya watu taratibu, yanaokota. Huyu mfuko wa nyuma. Huyu kifuani, ngumu. Huyu mkoba, upande wa zipu. Akaweka sufuria, akaenda kusimama nyuma ya mwanamke mwenye mkoba, pale panapobanana. Akamwomba radhi kwa kumgusa. Akamsogezea toroli. Mwamvuli ukiwa umening'inia mkononi, mdomo wa mwamvuli wenyewe wazi kidogo kama kikapu. Kisha akatoka kwenye mvua, kaufunga vile vile.

Baada ya dakika chache mwanamke yule akaanza kujipapasa.

Sauti yako inasaidia sana, dada.

Basi ni mimi. Meneja anaona wizi umezidi, ananiambia niongeze matangazo, na mimi naongeza, na kila nikisoma watu wote wanamwonyesha mwizi walipoficha. Kama ningekuwa mtu kamili ningepiga kelele, ningevunja kioo kile. Nilikaa. Nikatazama saa ya ukutani. Muda wa tangazo ulipofika nikasoma. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, nesi kasema niandike. Nilisoma mpaka jioni, na watu waliibiwa mpaka jioni.

Jumanne, 16 Desemba

Nimemwambia Meneja. Nimemweleza habari ya mikono, habari ya Mstaarabu, habari ya siku mbili nilizokuwa sina sauti. Si mtu mjinga, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nikiacha kutangaza halafu mtu akaibiwa, atasimama hapo mlangoni aseme duka halikumwonya. Tangazo si la wateja tu, linatulinda na sisi. Na mtu yule ananunua hapa kila siku, hajawahi kukutwa na kitu. Amshike kwa kosa gani, akauliza, la kubeba mwamvuli wakati wa mvua?

Kisha akanitazama kwa namna nyingine, akauliza taratibu, "Ni shemeji yako aliyekutuma?"

Nikasema hapana. Hata masikioni mwangu haikusikika kama kweli, maana nilivyosema hapana ndivyo ninavyosema kila kitu, bila haraka.

Jumatano, 17 Desemba

Shemeji amesimamishwa kazi. Kaambiwa arudishe koti na filimbi, akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi gani, haukutajwa. Kaitiwa ofisini asubuhi, nami nikaja kumwona kutoka juu anavuka duka katika shati lake la nyumbani, na wafanyakazi wote wakawa wanapanga rafu ambazo zimeshapangwa.

Niliyataka mema nikamchongea.

Mama mkwe hakulia. Alikaa jikoni ameshika upawa. Kisha akaniambia, "Habari zitafika kwa wale watu kabla ya jua kuzama. Mtoto wa pili huyu nampoteza, na yeye yu hai." Akanigeukia, "Wewe mwenzetu unaishi wapi? Maana hapa hupo."

Nilikwenda kulala.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua. Nimesoma tangazo.

Ijumaa, 19 Desemba

Meneja amepata wazo. Amenirekodi kwa simu, ameiunganisha na spika, sasa inajisomea yenyewe. Mimi nimeshushwa kaunta ya Chiriku kufunga vitu vya wateja kwenye mifuko. Hata sihitajiki kuwepo. Nilisimama pale na mifuko nikajisikiliza nikitangaza kutoka darini. Chiriku akasema, "Wewe, si unasikika kama mtu aliyetulia kabisa." Nikamwambia ndiyo.

Mlangoni kuna mlinzi mpya, mrefu, mwenye kiatu kinacholia. Wizi uko pale pale. Lakini nani anahesabu, mwenye kosa si ameshapatikana.

Jumamosi, 20 Desemba

Kutoka juu ni vichwa. Huku chini wana nyuso.

Bibi mmoja alikuwa kwenye kaunta yetu, kanunua soksi za watoto na tochi. Tangazo likapita, akagusa mfuko wa sketi, na mimi nikaona kagusa. Alipotoka akafika mlangoni, akarudi. Alikuja moja kwa moja kwangu. Akaniambia kwa adabu, "Mwanangu, nipigie simu yangu, nadhani nimeiweka mahali." Nikapiga. Imezimwa. Akaniomba nipige tena. Nikapiga tena. Akasema labda mtandao. Akakaa pembeni ya kaunta na kimfuko chake cha soksi, kila nikimaliza mteja ananitazama, nami napiga. Mwanawe yuko mbali, namba yake iko kwenye simu ile, haijui kichwani.

Mstaarabu alipita nyuma yake anatoka. Alinitikisia kichwa, salamu.

Sikusikia hasira, nasema kweli. Nilisikia baridi miguuni, kama mtu aliyekanyaga maji bila kujua.

Jumapili, 21 Desemba

Jioni nilipotoka kazini nilimkuta shemeji nyuma ya nyumba anabandika kiraka kwenye ndoo. Hiyo ndoo haivuji sana. Nikakaa kwenye kizingiti nikamweleza yote tangu mikono. Alinisikiliza akiendelea kusugua, mwisho akaacha.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Leo Jumapili, shemeji."

Akarudi kusugua ndoo. Nafuu angenitukana. Nilimwambia sijui nina nini, nikiona jambo linakaa mbali nami, kama liko nyuma ya kile kioo. Akasema anajua. Akasema hata yeye, tangu kaka yake aondoke, anakuta amevaa soksi moja.

Kisha akasema basi tukamtegee. Jumanne ni siku yangu ya kutoka mapema. Nitavaa koti langu la kila siku, mfuko wa kulia niweke pochi kuukuu nimeijaza magazeti, nisimame pale panapobanana kama mteja. Tangazo likisema, nijishike kulia, wazi, kama mtu mwenye hofu. Yeye atakuwa nyuma, macho kwenye mfuko wa kulia tu. Atavaa koti la mvua la mama mkwe na kofia yake. Mama mkwe alikuwa dirishani kumbe, anasikia kila kitu. Akasema koti limechanika kwapa, alishone kwanza.

Jumatatu, 22 Desemba

Mama mkwe ameshona koti. Hakuniuliza habari ya saa.

Jumanne, 23 Desemba

Mwandiko leo ni mbaya, nisamehewe.

Mvua ilianza tulipokuwa tunavuka barabara. Duka limefurika, watu wamejikusanya mlangoni wanangoja ipungue. Niliingia katikati yao na kimfuko cha sabuni. Pochi ya magazeti ilikuwa kulia, imevimba hata kipofu angeiona. Shemeji alikuwa nyuma karibu na miamvuli ya kuuza, katika koti la kike la maua, kofia imemfika machoni. Siku nyingine ningecheka. Mstaarabu alikuwepo, penye sufuria.

Sauti yangu ikaanza kutoka darini. Wateja wapendwa. Nilijua kila neno, nimeyasoma kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote maishani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijisikia nikisema "vitu vyenu vya thamani," nikapeleka mkono.

Ulikwenda kushoto.

Sikuupeleka mimi. Nilitazama chini nikauona umeshika mfuko wa kushoto, vidole vimekaza juu ya kitambaa, na chini ya vidole lile duara dogo, gumu. Nilikuwa hata sikumbuki kwamba iko mle. Nikautoa haraka, nikajishika kulia, kwa nguvu, kama tulivyopanga. Lakini aliyekuwa anatazama alikuwa ameshatazama.

Watu wakasukumana. Mtu akaniambia "samahani dada," akamsogeza mtoto wa watu asinikanyage. Sikusikia kitu. Mkono wake sikuusikia kabisa. Nilichosikia ni wepesi. Koti lilikaa vibaya begani, upande wa kushoto ukapanda, kama mtu aliyekuwa amelishikilia ameliachia.

Shemeji alikuwa bado anatazama kulia. Nilimwona kabisa anatazama kulia, maskini, kakodoa. Na Mstaarabu ameshageuka, bega lake liko mlangoni.

Nikaushika mwamvuli wake kwa mikono miwili, nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi sauti ile. "Nirudishie!" Sikusema mwizi. "Nirudishie, nirudishie!" Na watu wote wakasimama, kwa sababu ni sauti waliyokuwa wanaisikia darini msimu mzima haina haraka, na sasa iko katikati yao inalia. Hata mlinzi mwenye kiatu alisimama. Mstaarabu akavuta, mimi nikavuta, kitambaa kikachanika, na vitu vikamwagika sakafuni: pochi ya njano, simu, wembe uliofungwa karatasi, simu nyingine, saa.

Hapo ndipo pakawa pabaya. Kundi lile lile lililokuwa linajipapasa likamgeukia. Mtu akavua mkanda. Mwenye kitambi akainua toroli, toroli zima, juu ya kichwa. Mstaarabu aliacha kuwa mstaarabu, akawa mtu mwenye uso wa majivu, kajikunyata, kafunika kichwa. Na shemeji, katika koti la maua la mama yake, akaruka juu yake, akamlalia.

"Msimguse," alisema. "Kashashikwa. Msimguse." Mkanda ulimpata yeye mgongoni. Hakuondoka mpaka Meneja alipofika na walinzi wawili, na baadaye polisi.

Ofisini Meneja alipanga vile vitu mezani kimoja kimoja. Alikuwa anaepuka kumtazama shemeji, ambaye kakaa mbele yake na kofia ya kike magotini. Polisi akauliza kila kitu ni cha nani. Akafika kwenye saa. Kioo kilikuwa na ufa mpya.

"Na hii? Ya nani?"

Nikafungua mdomo kusema ya marehemu. Nikasema, "Ya mume wangu."

Polisi akauliza kama yuko nje, aitwe aitambue.

Nikalia. Nililia pale pale, mbele ya Meneja na polisi na Chiriku aliyekuwa anachungulia, kamasi na yote. Walidhani nalilia wizi. Meneja akasema pole, umeshaipata, si umeshaipata. Shemeji aliiokota saa mezani bila ruhusa ya mtu, akanifumbatisha, akafunga vidole vyangu juu yake na mkono wake akauacha hapo. Mume wangu amekufa. Tangu mwezi wa tano. Alikuwa ananingoja nimletee maji.

Jumatano, 24 Desemba

Mwili wote unauma kama nimelima. Mama mkwe kamkanda shemeji mgongo kwa maji ya moto huku anamlaumu kwa kuchana koti kwapa lile lile. Kisha akaja kukaa kitandani kwangu. Tukamzungumzia mume wangu. Aliniambia mambo ya utotoni mwake ambayo sikuyajua, na mimi nikamwambia ya hospitali ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Simu ya yule bibi haikuwemo kwenye mwamvuli. Nilitumaini. Nina namba yake kwenye simu yangu, naipiga kila siku, bado imezimwa.

Jumamosi, 27 Desemba

Shemeji amerudishwa. Meneja alimpa mkono mbele ya wafanyakazi wote, akasema kulikuwa na kutoelewana. Shemeji akamwambia kutoelewana kuna alama mgongoni, aje aone. Watu wakacheka, Meneja naye akacheka, ikaisha hivyo. Wakwe watarajiwa wametuma salamu. Mama mkwe anasema ni mapema mno kuzipokea, waache kwanza wajisikie vibaya.

Mimi nimeitwa kurekodi tangazo jipya. Meneja kaniuliza tuseme nini sasa. Nilimwambia tusiwatajie watu mifuko yao. Wakisikia pochi, watashika pochi, hata mimi nilishika. Tukaandika: "Wateja wapendwa, duka limejaa. Inueni macho, mtazame aliye karibu nanyi." Alisema ni fupi mno. Nikasoma, akaniambia nimebadilika sauti. Tulipoliwasha nilisimama kwenye ngazi kutazama. Vichwa vikainuka. Kwa mara ya kwanza niliona nyuso kutoka juu.

Jumatano, 31 Desemba

Msimu umekwisha, na kazi yangu nayo. Mvua imekatika tangu juzi.

Asubuhi nilimwambia mama mkwe kwamba saa naipeleka leo, lakini shemeji haivai. Naivaa mimi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Akasema, "Ya mumeo, nani akukataze?" Akaendelea kuosha vyombo.

Fundi aliifungua mbele yangu, akapuliza, akabadilisha kioo, akaitia mafuta. Ikaanza. Niliisikia kabla sijaiona. Akailinganisha na yake, akakunja uso, akasema inakwenda lakini inachelewa kidogo, nimpe mpaka kesho airekebishe.

Nikamwambia aiache ichelewe.